Mwaka Tuliopandisha Bahari Newala

Siku ya arobaini ya mama mkwe wangu, sebule yetu ya Newala ilijaa watu hadi mlangoni, na wajukuu, kama kawaida yao, wakaona dua ndefu ndiyo nafasi ya kucheza. Walikuwa wanachomoa magodoro ya wageni kutoka kwenye lile sanduku la saruji lililojengwa ukutani, lenye madirisha mawili ya kioo kwa mbele, ambalo miaka mingi sasa tunalitumia kuhifadhia magodoro na mablanketi. Mmoja wao akanijia na swali lake sikioni: "Bibi, hili kabati nani alilijenga? Na mbona kioo chake kinene hivi?" Nikamwambia nyamaza mwanangu, watu wanasoma. Lakini tangu hapo dua sikuisikia tena. Nilikaa pale mkekani, kichwa nimekiinamisha kama mfiwa anavyotakiwa, na moyoni nacheka peke yangu kama mwehu, maana lile si kabati hata kidogo. Mle ndani ilikuwamo bahari. Bahari ya kweli, yenye chumvi yake na mawe yake na samaki wake, huku juu kwenye uwanda wa Wamakonde ambako mtu akikukaribisha maji ya kunywa amekukaribisha kweli. Na yule tuliyekuwa tunamwombea, Mama Dadi, Mungu amlaze pema, ndiye aliyeipinga kuliko watu wote.

Nitasimulia mwaka mmoja tu, mengine yana siku yake. Nilikuwa msichana wa Mikindani, nimeolewa na Dadi, kijana wa Newala mwenye lori moja na maneno ya malori mawili. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo korosho ziliuzwa mlango mmoja tu, ushirika, upende usipende. Sasa kila mwenye mizani na gari akawa mnunuzi, na maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakaanza kuning'iniza mashuka, redio na sabuni za kunukia. Dadi alinunua korosho Makote na vijiji vya jirani, akashuka nazo Mtwara, akapanda na bidhaa za duka lake. Kaka yangu Bakari, ndiye aliyenioza, hakuwa na shaka naye ila kwa jambo moja. "Huyu dada yangu hajawahi kulala mahali asiposikia maji," alimwambia mbele ya wazee. "Nakupa mwaka. Msimu ujao wa korosho nitapanda huko mwenyewe. Nikimkuta amenyauka, narudi naye, na usije kunitafuta kwa maneno." Dadi akacheka, akaupokea mkono wake. Mimi nilinyamaza kama bibi harusi, lakini nilijua nitarudi. Wadogo zangu walikuwa wamekwisha kunitania vya kutosha: huko juu, walisema, samaki wako atakuwa samaki nchanga, yaani panya wa shambani, tena kwa ugali wa muhogo.

Panya sikuletewa, nyumba ile haikula panya. Lakini ugali wa muhogo niliukuta, na kisamvu, na mbaazi, na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, ambayo niliipenda kabla sijataka kukubali kwamba naipenda. Kilichonishinda ni maji. Mashine ya kupandisha maji ilikuwa inaharibika mara kwa mara, na mabomba yakikauka wanawake walishuka bondeni, chini kabisa ya ukingo wa uwanda, kwenye chemchemi, kisha wakapanda na ndoo kichwani kwa njia ambayo hata mbuzi anaifikiria. Mimi bi harusi sikutumwa. Nililetewa maji yangu mlangoni, nikaona aibu kuyaoga. Nyumba ile maji ya kunawa mikono yalisuuza sufuria, ya kusuuza sufuria yalinyweshwa mpapai, na sikuona tone lililokufa bila kufanya kazi. Nilipomwaga bakuli la maji uani kwa mazoea yangu ya pwani, Mama Dadi hakunigombeza. Aliyatazama yanavyozama mchangani, akasema tu, "Basi yamekwenda," kwa sauti ya mtu anayemsindikiza msafiri. Nilitamani anipige.

Nikaanza kulia jioni. Nililia jikoni, moshi ukanisaidia kwa kisingizio, lakini mama mkwe haongopewi kwa moshi. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, na maneno ya chumba kimoja yaliruka hadi kingine kama kuku. Ndivyo nilivyomsikia Mama Dadi akimwuliza mwanawe, "Mkeo haumwi, hana njaa. Analia nini?" Dadi akajibu, "Bahari, mama. Anaikosa bahari." Kisha yule mama, kwa kebehi ambayo baadaye niliizoea na sasa naikosa, akasema, "Haya, si una lori? Kamletee!" Alikuwa anatania. Lakini Dadi alikuwa mtu wa hatari kumtania, maana utani wako aliuchukua akaenda kuupima kwa futi. Asubuhi tunakunywa uji akatangaza kwamba aliwahi kuona, kwenye hoteli moja Dar es Salaam, sanduku la kioo lenye bahari ndani yake, na watu wanakula chakula wakitazamana na samaki walio hai. Lori lake linashuka Mtwara limejaa korosho na kupanda nusu tupu. Kwa nini lisipande na bahari? "Biashara huria hii!" alisema, kijiko hewani. "Bahari nayo ni bidhaa!" Mama yake akaweka kikombe chini. "Lahaula," akasema. "Nimezaa nini mimi?"

Aliyeitwa ni Fundi Chilumba, mjenzi wa visima vya kukingia maji ya mvua, mtu mfupi mwenye tabia ya kugongagonga kila ukuta aliousogelea. Alisikiliza maelezo yote, akagonga ukuta wa sebule, akauliza, "Yaani kisima, lakini ndani ya nyumba, na watu wakione?" Dadi akasema ndiyo. "Na maji yenyewe hayanyweki?" Hayanyweki. Fundi akatutazama mmoja mmoja kuona nani mgonjwa. Hata hivyo nilimwona macho yake yameanza kucheza. Alikaa sebuleni siku nzima, akichora sakafuni kwa mkaa: hapa ukuta, hapa nondo, hapa kioo. Nilipowapelekea chai nikakuta wanabishana mwanga uingie wapi, nikasema bila kufikiri kwamba matumbawe hayapendi kiza, kwetu yanaota pale jua linapofika. Wote wawili wakanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kunigeukia kwa kutaka kujua jambo, na nakiri nilinenepa kidogo. Ndipo tukaamua bati mbili zitolewe juu ya sanduku na mahali pake pawekwe kioo, jua lidondoke moja kwa moja. Tangu siku hiyo nilihesabiwa mwenye kazi, nikawa naulizwa maswali ambayo majibu yake sikuyajua, nikajibu hivyo hivyo.

Kioo kilitoka Masasi. Duka moja la serikali lilikuwa limefungwa, na kioo chake kikubwa cha mbele, kile cha kuonyeshea bidhaa, kiliuzwa pamoja na rafu zake. Dadi alikijua tangu utotoni. Alisema enzi zile walisimama mbele yake kutazama kopo la rangi na ndala za mguu mmoja. Kililetwa kimefunikwa magodoro, Fundi Chilumba amekaa juu ya lori anakizungumzia kama mgonjwa: tulia baba, tulia, bonde hilo. Alipokipima akakataa kukitumia kizima. Maji yana kifua, alisema, yatakisukuma hadi kipasuke. Akakikata vipande viwili na kuweka nguzo ya saruji katikati, ndiyo maana hadi leo sanduku lina madirisha mawili. Mipaka akaiziba kwa gundi ya vioo vya magari. Mvua za masika zilipoanza tukaelekeza mfereji wa bati humo ndani, likajaa, na maji yakawa yanateleza mkononi kama yana sabuni. Fundi akasema ni saruji inajitoa sumu zake, tumwage tujaze tena, na tena. Mama Dadi hakuruhusu yamwagwe ovyo. Alifulia, akapigia deki, akaloweka magunia, na wakati wote huo alikuwa ananung'unika kwamba kwa nini tusiliache tu hivi hivi, tuna kisima kizuri ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha hutoki nje.

Kabla bahari haijaingia akaweka sharti, tena alituita wote watatu, fundi akiwamo, tuketi. "Maji ya masika ni ya Mungu, mmeyachezea nimenyamaza," alisema. "Lakini kiangazi kikiingia, maji ni miguu ya watu. Dadi, niapie. Tone la maji matamu lisiingie kwenye hilo sanduku lako. Wanywe chumvi yao huko huko." Dadi akaapa. Mimi nikaona ni sharti jepesi ajabu. Samaki wa baharini na maji matamu wapi na wapi? Wote tuliona hivyo. Hakuna mtu juu ya uwanda ule ambaye angefikiria kumimina maji ya kunywa ndani ya maji ya chumvi, sawasawa na mtu asivyofikiria kutupa unga kwenye jivu.

Safari ya kwanza Dadi alirudi na fahari: mapipa ya maji ya bahari, na lundo la matumbawe meupe pe, mazuri kama sukari. Nilicheka hadi nikakaa chini. Alikuwa ameyanunua kwa wachoma chokaa, yamekaa juani tangu lini sijui. "Hii mifupa, bwana," nikamwambia. "Umeniletea makaburi." Alinuna hadi jioni, kisha akasema basi twende wote ukachague mwenyewe. Nikashuka naye wakati wa maji ya bamvua, yanapokupwa mbali kabisa. Sitasahau nilivyoshika jiwe la kwanza. Kaka Bakari alikuja na mtumbwi wa jirani kutusaidia, anacheka, "Wezi wa bahari nyie! Mkimaliza mtabeba na mwezi?" Lakini aliponiona nimepiga magoti majini, khanga imelowa hadi kifuani, aliacha kucheka, akasema polepole, "Somoe, dada yangu, huhitaji kupandisha bahari. Shuka tu wewe." Dadi alikuwa karibu, alisikia. Alichukua ndoo nyingine akaenda kuijaza, na mabega yake nikayaona yamelegea. Tangu siku ile nikajua kwamba kwake mchezo huu haukuwa mchezo.

Samaki wa mwanzo walikufa kabla hatujafika Tandahimba, wamepikwa na jua ndani ya ndoo. Tuliwala, na walikuwa watamu, Mungu anisamehe. Dadi hakukata tamaa. Safari iliyofuata alichukua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akaujaza upepo, akaufunga mrija mpya wa dripu, ule wa hospitali, na kuulalia mwenyewe kifudifudi huko nyuma, usukani kamwachia dereva, ili upepo utoke kidogo kidogo ndani ya pipa la samaki. Kila kituo aliujaza tena kwa pampu ya mguu. Walisafiri hivyo, Mtwara hadi Newala, yeye kaulalia mpira na samaki wanapumua kwa kifua chake, kama nilivyokuwa nasema. Na mpira ule ule tukautumia nyumbani kila jenereta la kuendeshea pampu ya hewa lilipokosa mafuta, tumeuwekea mfuko wa mchanga juu badala ya Dadi. Mawimbi niliyatengeneza mimi kwa kata, nachota na kumimina, nachota na kumimina, huku naimba nyimbo za kwetu.

Sasa nieleze vipi? Kuna furaha za ujana ambazo ukizisimulia zinakuwa ndogo. Nilizaliwa kando ya bahari lakini sikuwahi kuitazama. Niliivua, niliioga, niliila. Kukaa mbele yake kwenye kigoda, imesimama kimo cha uso wangu, ndipo nilipoijua. Jiwe uliloliona jiwe tu, ukilipa siku kadhaa linafungua milango: vinyoya vya rangi vinachomoza, ukisogeza kivuli vinarudi ndani, kamba wadogo wanaoonekana kama maji yaliyopata macho, kaa mmoja aliyehamia gamba la konokono, akalipima, akatoka, akajaribu jingine, kama mtu anayechagua shati la mtumba. Tulikuwa na kitatange wenye mistari waliotembea wawili wawili, na kangaja mmoja mkali aliyegombana na kivuli chake kwenye kioo. Tulikuwa na bunju pia, yule anayevimba. Dadi aliniuliza maswali usiku na mchana: wanalala? wanajuana? yule anakula nini mbona simwoni akila? Nilijibu niliyoyajua, na mengi tukayatafuta kwa macho. Tulikuwa wanandoa wageni tusio na mazungumzo, na ghafla hatukuwa na muda wa kunyamaza.

Watu wakaja. Walitoka mjini, wakatoka Makote, wakaja na watoto migongoni, wakavua viatu mlangoni kama msikitini. Wazee ambao hawakuwahi kushuka pwani waliuliza kama ndivyo ilivyo yote, au yetu ni kipande kibaya. Wengine waliomba chupa ya maji ya bahari ya kuoshea vidonda, tukawapa. Kulikuwa na wanawake waliosema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba yule msichana wa pwani amemtia mume wazimu. Na Mama Dadi je? Mama Dadi hakutazama. Yeye alikuwa anachambua mbaazi tu. Lakini kila siku alizichambulia mbele ya kioo, na mbaazi zenyewe hazikupungua. Siku moja bunju alivimba kwa hasira ya kitu fulani, nikasikia nyuma yangu, "Mwone Mwenyekiti! Kanyimwa nafasi ya kusema mkutanoni." Nikageuka, naye haraka akainamia ungo wake. Basi tangu hapo bunju akaitwa Mwenyekiti. Na Mama Dadi akaanza kuniuliza, bila kuinua uso, kama samaki naye anasikia kiu.

Swali lile lilikuwa na maana kuliko tulivyojua. Kiangazi kiliingia, upepo mkavu, jua linaingia kwenye kile kioo cha paa kama limekodishwa, na maji kwenye sanduku yakaanza kupungua. Hilo halikutushangaza, kila chombo cha maji Newala kinapungua. Tulikuwa na mapipa ya akiba ya maji ya bahari nyuma ya nyumba, tukajazia. Yakapungua, tukajazia. Kwanza vile vinyoya vya mawe vikaacha kutoka. Kisha matumbawe yakaanza kupauka. Kitatange mmoja nikamkuta ameegemea jiwe, mwenzake anamzunguka. Dadi akasema hawa wanakosa bahari, tuongeze bahari, akapeleka lori Mtwara bila mzigo wa maana, akarudi na mapipa zaidi, na kila tulivyoongeza ndivyo walivyozidi kudhoofika. Msimu wa korosho ulikuwa unanukia. Mabibo ya mwanzo yameanza kuiva, na kila aliyekuja kutoka Mtwara alileta salamu za kaka Bakari: mwambie Somoe nakuja. Nilimwona Dadi amekaa mbele ya kioo, hali, hazungumzi biashara. Kangaja alikufa siku ile. Dadi alimtoa kwa mikono miwili. "Bahari ikifa utaondoka," aliniambia. Halikuwa swali.

Kesho yake nilikuwa nafuta kioo, kwenye mstari ambapo maji yalikuwa yamefika kabla ya kushuka. Kulikuwa na ukoko mweupe. Nilikuwa nimeufuta mara nyingi bila kuwaza. Siku hiyo sijui kwa nini nikaulamba. Kisha nikachota maji yenyewe, nikaonja, nikatema. Mwe! Yaliuma ulimi. Hii haikuwa bahari yangu. Nikasimama pale na kitambaa mkononi, na mbele ya macho yangu yakaja mashamba ya chumvi ya kwetu, yale tuliyokuwa tunapita tukienda kwa shangazi: wanaingiza maji ya bahari, jua linayanywa, wanaingiza mengine, jua linayanywa, hadi inabaki chumvi tupu ya kukusanya kwa koleo. Jua halinywi chumvi! Linachukua maji matamu peke yake na kukuachia iliyobaki. Na sisi, watu wazima watatu na fundi wetu, tulikuwa tumejenga shamba la chumvi sebuleni na kulilisha kwa lori. Walichokosa samaki ni maji ya kunywa, kama watu wote wa Newala.

Nilimweleza Dadi chumbani. Alielewa upesi, akasimama, halafu akakaa tena. Alikuwa ameapa. Na hata asingeapa, mabomba yalikuwa yamekauka tena, wanawake wote wa mtaa walikuwa njiani na ndoo. Nani angemimina maji matamu kwenye samaki wa kutazamwa? "Nitamwomba mama aniachilie kiapo," alisema. Nikamkatalia, na nilikuwa mkali. Nikamwambia asimwombe mama yake kitu kama hicho, ni haramu, acha wafe. Kaka akija nitaondoka naye, tusilaumiane, umejaribu kuliko mume yeyote niliyemsikia. Nilisema yote hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha nikaanza kukunja nguo zangu, na katikati ya kukunja niligundua kwamba sitaki kuondoka. Nilikuwa nimempenda yule mwanaume aliyeulalia mpira. Sikumwambia. Kiburi cha pwani hicho. Na tulikuwa tumesahau, wote wawili, kwamba kuta zile hazifiki kwenye bati.

Asubuhi nilimsikia mtu anaingia kwa mlango wa mbele badala ya uani. Alikuwa Mama Dadi, ametoka bondeni, ndoo kichwani, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini, anahema. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama." "Marahaba. Nionyeshe pa kumwagia."

Sikuelewa. Nikamwambia mtungi uko jikoni.

"Mtungi naujua, niliununua mimi. Nakuuliza hawa samaki wanamwagiwa wapi."

"Mama, haya ni ya kunywa!"

"Wewe unanifundisha mimi maji ya kunywa?" Alishusha ndoo mwenyewe, akaiweka kwenye ukingo wa saruji, akaishikilia. "Somoe, samaki mimi hawanihusu. Mwenyekiti kidogo, lakini wengine hawanihusu. Mume wangu alikufa, binti zangu wameolewa mbali. Nimekaa nyumba hii na mwanangu anayeongea peke yake kuhusu mizani. Umekuja wewe, nyumba imekuwa na watu, kuna nyimbo. Nimesikia unakunja nguo. Sasa sema, yanaingia yote au kidogo kidogo?"

Nililia, sasa mbele yake na bila moshi. "Kidogo kidogo, mama," nikasema. Tukamimina kwa kata, zamu kwa zamu. Dadi alitoka chumbani akatukuta, akafungua mdomo kusema juu ya kiapo, mama yake akamwahi: "Wewe uliapa, mimi sikuapa." Maji makali ya chumvi tuliyapunguza, wenye vidonda wakayachukua. Majirani walisema, ndiyo, walisema sana, na Mama Dadi akawajibu mlangoni kwamba ameyateka kwa miguu yake na kwamba yanatoka kwenye fungu lake la kuoga. Na kweli, alioga kwa kitambaa siku zile. Kitatange aliyebaki akaanza kuogelea wima. Mwenyekiti akavimba. Matumbawe mengine hayakurudi, mengine yalirudi polepole, na bahari ile iliishi miaka kadhaa baadaye, hadi watoto wetu walipokuwa wengi na magodoro yakakosa mahali.

Lakini nilisema mwaka mmoja. Alipotaka kushuka tena bondeni nilimnyang'anya ndoo ya pili, nikamfuata. Alinikataza, nikamfuata hivyo hivyo. Njia ile, jamani! Kushuka magoti yanalia, kupanda ndiyo usiseme. Niliteleza, nikamwaga, nikarudi kuteka upya, naye akanisubiri juu ya jiwe bila neno la lawama, ananifundisha tu jinsi ya kukaza shingo na kulegeza kiuno. Tulienda siku hiyo na siku zilizofuata. Na siku moja tunamalizia kupanda, jua limeshakuwa kali, nikaona lori limesimama pale njia inapotokeza mjini, na kaka Bakari amesimama mbele yake amevaa kanzu yake ya safari. Alinitazama kama hanijui: vumbi jekundu, khanga imefungwa kiunoni, maji yananichuruzika usoni, ndoo kichwani. Nyuma yangu Mama Dadi alisimama. Nilisikia pumzi zake, na nilisikia alipozizuia.

"Somoe!" kaka akaita. "Ndivyo wanavyokufanya huku? Haya, njoo, gari linasubiri. Mzigo wako uko wapi?"

"Shikamoo kaka," nikamwambia, bila kugeuza shingo maana ningemwaga. "Mzigo wangu ndio huu. Nipishe tupite."